Lori la Koku limebeba ndizi za wifi

Nani alisema mtoto wa kike hapewi lori?

Wifi yangu, hapa hapa Buganguzi, mbele ya watu!

Hilo lori la kuchezea la binti yangu Koku nimeliunda mwenyewe: mbao za kichanja cha kahawa, mota ya waipa, betri ya pikipiki.

"Mfundishe kumenya ndizi, siyo upuuzi huo," akaniambia.

Haya.

Leo tumemkuta katikati ya mlima, amekaa kando ya mkungu wake, mgongo umegoma.

Koku akasimamisha lori. Tukapakia mkungu, likapanda. (Nilisukuma kidogo. Kidogo tu.)

Wifi kuona hivyo, naye akataka kupanda.

"Hapana, shangazi," Koku akamwambia. "Hili ni la mizigo."

Akatembea nyuma ya ndizi zake mpaka nyumbani.

Jamani, upuuzi uko wapi?