Namsomea mume wangu maneno ambayo hayajaandikwa popote

Admin, nifichie jina tafadhali, Kigombe ni padogo na mchungaji wangu naye ana simu. Majina ya humu nimeyabadilisha. Nina miaka thelathini na nane, mama wa mtoto mmoja, nakaanga samaki nje ya nyumba yangu. Sisi ni Walutheri, baba yangu alikuja pwani hii kukata mkonge na mimi nikazaliwa kambini.

Mume wangu, nimwite Baba Eliza, alikuwa mkwezi wa minazi. Mwaka jana wakati wa mvua aliteleza akadondoka. Hospitali wakasema uti wa mgongo umeumia, miguu haitarudi. Tangu hapo analala chali anatazama bati. Yeye aliyekuwa mzee wa kanisa akaniambia, "Mchungaji asije tena hapa. Akija nitamtukana." Halafu akaanza kukataa kula. Nikimlisha uji anafumba mdomo kama mtoto, unamtiririka shingoni. Siku moja akasema, "Mama Eliza, niache niende zangu, na wewe upumzike." Jamani, hayo maneno usiombe uyasikie kwa mumeo. Sikulia. Nilimnunia Mungu, nikaacha kusali, nikaacha kanisa, nikabaki na karai langu.

Sasa samaki mimi nafungia karatasi kuukuu, nanunua kwa kilo kule Muheza, magazeti, madaftari ya shule, chochote kile. Siangalii, nachana tu nafunga. Kuna jirani yangu, Bi Mwanahawa, mama wa Kiislamu mtu mzima. Alinunua samaki mmoja aina ya changu akaenda, mara namuona anarudi. Nikamwamkia tena shikamoo, hakuitikia. Ameshika ile karatasi, ameifuta mafuta kwa kanga yake. "Mwanangu, jina la Mungu walifungia samaki? Hata kama ni kitabu chenu, hiki si cha kutupwa jaani." Niliona aibu mimi. Kupekua furushi nikakuta ni kitabu cha tafakari za Kikristo, jalada halina, na nusu yake nilishaiuza pamoja na samaki.

Jioni nikakaa na bakuli la uji nikaanza kumsomea Baba Eliza ile karatasi. Sikuwa na nia yoyote, nilichoka na kimya cha ile nyumba. Ilisema juu ya mgonjwa anayemkasirikia Mungu, kwamba hata hasira yake Mungu anaipokea kama sala. Nikatia kijiko, akameza. Nikanyamaza, akafumba mdomo. "Endelea," akasema. Naendelea na nini, na ukurasa unaofuata ulishaenda na samaki wa mtu? Nikachukua mwingine uliobaki, nikasoma huo. Ndiyo ikawa desturi yetu, kila uji na karatasi yake.

Mpaka karatasi zikaisha. Nilipomwambia zimekwisha hakutia kitu mdomoni, na kesho yake vivyo hivyo. Nikaona mume wangu anakufa mbele ya macho yangu. Nikachukua kipande cha gazeti cha habari za mpira, nikakaa pale pale, nikajifanya nasoma. Nikasema, "Mtu akianguka haanguki nje ya mkono wa Mungu. Juu ya mnazi ni pake, na chini ya mnazi ni pake." Sijui nilikoyatoa. Baba Eliza machozi yakamwingia masikioni vile amelala chali. Akasema, "Aliyeandika haya na yeye alishawahi kuanguka." Akaomba uji mwenyewe.

Tangu siku hiyo nageuza samaki huku natafuta neno la jioni. Na mimi niliyemnunia Mungu, sasa nazungumza naye pale pale kwenye moshi, namuuliza leo nimwambie nini mume wangu. Mara nyingine neno linakuja hata sijamaliza kuuliza. Hiyo ni imani, au ni uongo umenizoea? Mimi sijui.

Juzi Baba Eliza kasema mchungaji aitwe. Nilifurahi mpaka nikaunguza samaki. Kisha akaongeza, "Akija Jumapili mpe ile karatasi ya mnazi aisome yeye, wazee wa kanisa wasikie. Na mimi nataka niishike kwa mkono wangu." Nikaitikia haya. Ile karatasi ilikuwa ya mpira, na nilishaifungia pweza.

Nikimwambia ukweli, atajua kwamba neno lililomrudisha si la mtumishi wa Mungu, ni la mkewe mkaanga samaki aliyekuwa hata hasali. Naogopa atafumba mdomo moja kwa moja. Nikinyamaza, atamwomba mchungaji asome karatasi ambayo haipo. Nilimweleza Bi Mwanahawa, akatikisa kichwa. "Hilo, mwanangu, kaulizeni kwenu wenyewe."

Ndiyo nawauliza ninyi Wakristo wenzangu. Msinitukane, nimechoka. Nimwambie, au nifanyeje kabla ya Jumapili? Naandika hapa uji umeshaanza kupoa, naye ananiita kutoka ndani, "Mama Eliza, leo imeandikwaje?" Mkononi nina ukurasa wa hesabu za kugawanya wa mtoto wa mtu.