Mawese Kwenye Etriye

Usiniambie nilikuwa na usingizi. Ilikuwa mchana, jua kichwani, na tumboni nilikuwa na chai tu. Wanaosema mizimu hutembea usiku tu hawajawahi kuendesha pikapu kutoka Kabambare kwenda Kasongo.

Mdogo wangu Riziki alikuwa na uchungu tangu alfajiri, na mtoto alikuwa amekaa vibaya. Muuguzi alisema wazi: afike hospitali ya Kasongo, la sivyo tutawapoteza wote wawili. Pikapu yangu, nayo, ilikuwa kwa Fundi Musafiri. Alikuwa anabadilisha etriye ya gurudumu la mbele, kile chuma kinachobana diski ukikanyaga breki, kwa sababu ile ya zamani ilikuwa imeliwa na kutu. Ikawa grisi ya kupaka pini zake imekwisha. Unajua alipaka nini? Mawese! "Mafuta iko mafuta," aliniambia huku anapangusa vidole. Nilimtukana, lakini uchungu wa mwanamke haungoji grisi. Tukaondoka.

Tulikuwa tunapanda kilima cha mwisho kabla ya mteremko mrefu wa mtoni gari lilipokuwa zito. Harufu ya sombe, yale majani ya muhogo yanayopikwa kwa mawese, ikajaa ndani, Riziki akatapika dirishani. Kule juu hakuna nyumba, niamini, ni majani tu. Hapo mama mmoja wa kitenge cha manjano akatoka majanini na kusimama katikati ya barabara.

Nikakanyaga breki. Kanyagio likazama mpaka chini! Ni kilima tu kilichotusimamisha. Nikavuta breki ya mkono, nikashuka na kuweka jiwe nyuma ya gurudumu.

"Munapika nini?" mama akauliza. "Ninasikia mawese."

"Mama, hatupike kitu. Niko na mugonjwa mu motokari. Utupishe!"

"Mutu hawezi kupita na chakula, aache mwenzake na njaa. Fungua chungu, nione."

Chungu gani? Nikafuata macho yake. Gurudumu lilikuwa linafuka moshi. Zile pini zilikuwa zimekaangwa, etriye imekwama, na joto lilikuwa limechemsha mafuta ya breki yote. Hatua chache mbele ndipo mteremko unapoanza. Ungenikuta wapi leo?

Nikapandisha gari kwa jeki, nikatoa gurudumu, nikafungua etriye nikiwa nimeviringisha mikono kwa shati. Nilikuwa natafuta kamba ya kuitundika, isining'inie kwa mpira wake wa mafuta ya breki, mama akachuchumaa.

"Leta nikamate."

"Iko moto, mama! Utaungua!"

"Mimi? Siungue tena."

Akaipokea kwa viganja vitupu kama anapokea mtoto. Niliogopa, sikufichi. Nikasugua pini kwa msasa, nikazikausha, nikasukuma pistoni ikarudi ndani. Aliponirudishia etriye, ilikuwa baridi kama jiwe la kisimani. Akaonja mawese yaliyoungua kwa ncha ya kidole, akatabasamu. Kisha akaenda kwa Riziki na kumwekea mkono tumboni.

"Huyu naye iko anatafuta njia," alisema. "Ataiona."

Nikainama kukaza boliti ya mwisho. Nilipoinua kichwa, hayupo. Riziki alikuwa anapumua taratibu, machozi yanamtoka. "Yaya," aliniambia, maana ndivyo anavyoniita mimi mkubwa wake, "mukono yake ilikuwa baridi. Lakini sina woga tena."

Kanyagio lilikuwa limekuwa gumu. Tuliteremka polepole, breki zinashika. Chini, wanaume waliokuwa wanatengeneza daraja walitupisha, na kabla sijafungua mdomo mmoja wao akauliza, "Mama alikusimamisha?" Nikaitikia kwa kichwa. "Basi mutafika," akasema, akarudi kwenye mbao zake.

Tulifika. Riziki alipasuliwa jioni ile, na mtoto wa kike akalia kwa hasira. Nilicheka mpaka nikalia na mimi. Sasa anakimbia, na viganja vyake ni baridi hata akiwa na homa. Lile gurudumu pia halipati moto, na mafundi wa Kasongo waliolitia grisi ya kweli hawajui kwa nini.

Kila safari humwachia yule mama upawa wa mawese juu ya jani, pale kileleni. Musafiri hunicheka, ila mawese hapaki tena.

Wewe mwenye gari, nisikie: mawese ni ya sombe. Na mtu akikusimamisha kule juu akidai chakula, usimpigie honi. Shuka, ufungue chungu, aone.