Ghala la pamba la Malampaka, lililokuwa jumba la sinema la mama yangu

Wakuu, salaam kwenu. Hapa sitii chumvi hata punje. Anayebisha aje Malampaka nimpeleke hadi kwenye ukuta wenyewe, kabla haujavunjwa.

Nyuma ya stesheni kuna ghala la zamani la pamba. Kabla sijazaliwa lilikuwa jumba la sinema. Screen ilikuwa ukuta wa chokaa, watu wanakaa juu ya magunia ya pamba.

Filamu ni za Kiingereza, kwa hiyo mfasiri alisimama pembeni akisimulia kwa Kisukuma. Wazee wanasema kwa mfasiri yule kila mtu kwenye zile filamu alikuwa na ng'ombe, hata Wazungu wa mjini 😂

Mama aliingia mara moja tu, na baba, wakiwa wachumba. Kesho yake baba alikuwa anaondoka kwenda migodini kutafuta ng'ombe wa mahari.

Kwenye filamu, jamaa mwenye kofia nyekundu anamuaga mchumba wake, anavuka mto... jenereta likazima. Mafuta yameisha.

Hakuna aliyetoka. Mfasiri akamalizia kwa mdomo, gizani: jamaa anarudi na kundi la ng'ombe, vumbi tupu.

Mama aliushika mwisho ule. Baba alikawia mno, wajomba wakataka kumwoza kwa mwingine, akagoma. "Atarudi, mimi nimeshaona."

Baba akarudi kweli. Ndiyo maana niko hapa naandika.

Baba tulimzika mwaka jana. Juzi nikasikia ghala linavunjwa, nikataka mama aione filamu yake mle mle. Niliuliza humu, mmoja wenu akaitambua kwa ile kofia (ubarikiwe mkuu). Nikaomba ufunguo, nikaazima projector, nikafunga milango mchana kweupe, nikamkalisha mama kwenye gunia la pamba.

Kosa langu, sikuitazama yote kwanza.

Jamaa akavuka mto. Ng'ambo akapigwa risasi. Mchumba akabaki dirishani. The end.

Nilitamani ardhi inimeze. Chokaa ilikuwa inadondoka taratibu kwenye ule mwanga.

"Mayu, nisamehe," nikamwambia mama.

Akacheka. "Mwanangu, hawa wenye filamu nao mafuta yaliwaishia njiani. Zima hiyo mashine."

Nikazima. Akaukazia macho ukuta mtupu, akaanza kusimulia kwa Kisukuma. Vumbi. Ng'ombe. Jamaa anakuja akichechemea mguu wa kushoto.

Baba ndiye aliyekuwa akichechemea, wakuu. Nililia.

Nilichojifunza: nilidhani mama anadai mwisho wa filamu, kumbe anao siku zote.

Ghala linavunjwa Jumatatu. Kwenu sinema ilikuwa wapi, na nani alikuwa anawatafsiria?