Sinema Uani kwa Veneranda

Ile sinema ya mzee aliyefufuka kaburini kunywa damu za watu, Veneranda aliiona ya kijinga. Mfu gani huyo, suti imenyooka na viatu vinang'aa? Aliyempiga pasi huko chini nani? Aliipenda zaidi ile ya mkono uliokatika, ukawa unatambaa sakafuni peke yake kama panya.

"Mkono ule una haya kuliko wanaume ninaowajua mimi," alisema. "Ukifukuzwa, unaondoka."

Ghalibu, mkata tiketi wa sinema pale Tabora mjini, alimwacha apite bure kwa kuwa alikuwa akiuza karanga mlangoni. Veneranda hakujua kusoma bango, wala hakusikia Kiingereza. Lakini uso wa mtu mwongo aliusoma vizuri sana. Alikuwa ameolewa na mmoja.

Mwongo huyo ni Hilari wa Lusu, kule Nzega. Alimtoa Veneranda na sanduku lake la bati, akamwingiza mwanamke mwingine katika nyumba ambayo Veneranda ndiye aliyeikanyagia udongo kwa miguu yake. Tangu hapo Veneranda alipanga chumba Itetemia, hapo Tabora, chumba kinachovuja.

Kila Jumapili baada ya misa, majirani walikuja uani kwake kumbangulia karanga. Kwa Wanyamwezi, anayeita watu kazini huwapikia pombe au ugali. Veneranda aliwapa sinema, kwa sharti moja tu: mkono ukisimama, hadithi nayo inasimama. Wa kwanza kufika siku zote alikuwa Saleha, ambaye mumewe hakutaka hata kusikia habari za sinema.

Jumapili moja, mwaka ule watu walipohamishiwa vijiji vya ujamaa, alitokea Apolinaria, dada yake Hilari.

"Tumsifu Yesu Kristo, wifi."

"Milele amina. Umepotea njia?"

"Nimetumwa. Kaka anasema yaishe. Yule mwanamke kaenda zake. Kijiji kipya tumepewa viwanja, tumepewa shamba, na shamba halina mtu. Lori la Nzega linaondoka mchana huu. Funga mizigo."

Veneranda aliuweka ungo chini. Miaka yote hiyo alikuwa akingoja kuitwa, na alijichukia kwa kungoja. Shamba lake mwenyewe! Na mvua zilikuwa zinakaribia, na paa lile.

"Kaa kwanza, wifi," alisema. "Bangua."

Apolinaria akakaa, akachota karanga. Saleha hakuwa na subira. "Haya, tuliishia wapi? Mama wa watu ametoka mbio nyumbani kwa mwuaji."

"Ametoka," Veneranda akaendelea. "Yuko barabarani, mzima, nywele timtimu. Mlango uko wazi nyuma yake. Humo ndani yule bwana ana shoka, lakini anaita kwa sauti tamu, utadhani padri wa seminari ya Kipalapala. Mama anasimama. Anageuka."

"Anageuka afanye nini?" Apolinaria aliuliza.

"Arudi."

"Asirudi!" Apolinaria alipiga goti lake, karanga zikamwagika. "Mpumbavu huyo! Kasahau nini humo?"

"Shali."

"Shali! Si atanunua jingine? Mtu kakuonyesha shoka, leo anakuita kwa sauti tamu, nawe unakwenda? Jamani, mwambieni!"

Wanawake walicheka hadi Saleha akajifuta machozi kwa mtandio. Apolinaria naye alicheka, kisha kicheko kikamfia mdomoni. Akaitazama mikono yake.

"Wifi," Veneranda alisema taratibu, "kamwambie kaka yako hivyohivyo ulivyosema."

"Mimi sikuwa nasema habari za kaka."

"Najua."

Honi ya lori ikalia barabarani. Apolinaria akainuka, akakung'uta maganda kwenye khanga. Veneranda alimfungia karanga za njiani, nyingi, kwa maana Apolinaria mwenyewe hakumkosea kitu. Alipofika langoni, wifi akageuka.

"Lakini yule mama, alirudi?"

"Alirudi. Ndiyo maana sinema yenyewe ilikuwa fupi."

Apolinaria akaguna, akaenda zake. Veneranda akavuta ungo karibu, akawaambia waliobaki wasichezee karanga, maana ya mkono unaotambaa bado hajaimaliza.