Spana Namba Kumi ya Mama Begi

Ni saa moja kasorobo asubuhi, na Mama Begi anamwaga begi lake juu ya meza ya mlinzi, kwenye geti la yadi ya magari mabovu. Mlinzi anahesabu kwa kidole. Spana za namba mbalimbali, bisibisi tatu, plaizi, nyundo, msumeno wa chuma, brashi ya waya, chupa ya mafuta ya kulainisha kutu, sumaku yenye kamba, na kipande cha godoro.

"Kumi na tisa," anasema huku akiandika. "Na godoro hili, Mama, unakuja kazini au unahamia?"

"Wewe laza mgongo kwenye kokoto kwa saa nne, halafu tuongee," anajibu, na wote wanacheka.

Sheria za yadi hii ni chache na hazina huruma. Unaingia mara moja tu kwa siku, na idadi ya vifaa uliyoandikisha ndiyo unayotoka nayo. Ukisahau kitu nyumbani, imekula kwako.

Ndiyo maana mama huyu wa miaka 47 hubeba begi zito kuliko wenzake wote, hadi wakambandika jina. Miaka tisa sasa anafungua vipuri kwenye mikweche na kuwauzia makanika. Wiki nzuri hupata vipuri vitano vya maana. Wiki mbaya hurudi nyumbani na taa moja na mafua.

Leo lakini hakuja kwa ajili ya wateja. Nyuma ya nyumba yake kuna pikapu aliyoiunga kipande kwa kipande kwa miaka minne. Ina injini, ina viti, hata honi inayo. Haina reki ya usukani, ule mtambo unaopeleka matairi kushoto na kulia. Juzi gari la aina hiyo hiyo liliingizwa yadini, na leo saa sita mchana linapelekwa kwenye mashine ya kuponda.

"Nimebeba vyuma mgongoni vya kutosha," anasema, akitembea mbio hata mwandishi wa habari hii anaachwa nyuma. "Nikiikosa reki leo, sijui kama mgongo huu utasubiri miaka mingine minne."

Anatandika godoro, anajilaza chini ya gari, inabaki miguu. Kila nati anaisugua kwa brashi, anaitia mafuta, kisha anatulia.

"Kutu hailazimishwi," sauti inatoka chini. "Ukitumia nguvu, nati inakatikia ndani. Ibembeleze kama mtoto anayekataa uji."

Kila anachofungua kinaingia kwenye mfuko wake wa plastiki, wenye maandishi ya kalamu. Wengine hubeba spana wakasahau mifuko, anasema, wakafika nyumbani na nati thelathini wasizojua zimetoka wapi.

Saa tano na dakika kumi imebaki nati moja, imejificha nyuma ya bomba. Ni ya namba kumi. Mkono unatoka chini ya gari, unapapasa begini. Unapapasa tena.

"Mungu wangu! Asubuhi nilikazia mpini wa sufuria!"

Anampigia mumewe. Naam, spana iko jikoni, kando ya chumvi. Na mlinzi alihesabu idadi tu, hakuuliza namba. Anajaribu plaizi, inateleza, nati inaanza kulika. Machozi yanamlengalenga wala hayafichi. Ng'ambo ya yadi, mashine ya kuponda imeshaanza kunguruma.

"Vifaa vyote hivyo, halafu cha maana umekiachia chumvi!"

Ni Babu Nati, mkongwe wa yadi, ambaye kwa miaka tisa amelicheka begi lile. Yeye huingia na spana nne tu mfukoni, moja yao ikiwa ya namba kumi, yenye kitambaa chekundu kwenye mpini.

Mama Begi hamwombi. Hapa namba kumi haiazimwi. Ndiyo spana inayopotea kuliko zote, na watu walishakosana sana kwa ajili yake. Desturi ni kwamba mwenye spana huja nayo, hufungua kwa mkono wake, na huondoka nayo.

"Haya, nipishe," anasema mzee. "Magoti yangu yanaomba likizo, lakini nitafanyaje?"

Anajilaza. Anaitukana nati kidogo, anaibembeleza kidogo. Saa tano na nusu reki inatua chini, na Mama Begi anapiga kigelegele hadi mwendesha mashine anazima mtambo, akidhani kuna aliyeumia.

Babu Nati hainuki. "Nimekucheka bure, mwanangu. Kumbe godoro ni raha!"

"Basi baki nalo, babu. Ni lako."

Getini, mlinzi anahesabu tena. "Kumi na tisa. Pita."

Mama Begi anapiga hatua mbili, anasimama. "Haiwezekani. Godoro nimeliacha ndani."

Anapekua begi. Katikati ya bisibisi kuna spana namba kumi, mpini umefungwa kitambaa chekundu. Sio yake.

"Karatasi inasema kumi na tisa," mlinzi anatabasamu. "Mimi kazi yangu kuhesabu."

Mama Begi anajifuta macho kwa mkono wenye grisi. Spana hairudishi begini, anaitia mfukoni.

"Jumamosi pikapu inatoka uani," anasema. "Abiria wa kwanza namjua. Tena atakaa mbele, magoti yake yanyooke."