Vitambaa vya Mitumba kwenye Nyaya za Injini

Siku hiyo tulikuwepo watu wanne nyuma ya stoo ya vyombo vya plastiki, upande wa Kariakoo unaoelekea Gerezani. Mzee mwenye stoo, ambaye ndiye mwenye gari, alikalia ndoo mpya aliyoigeuza. Makenika aliyepachika injini alikuwepo ili kumwambia kila anayepita kwamba kazi yake yeye ilikwisha juzi. Mdogo wangu wa kike alikuwepo kwa sababu nilimwita anisaidie. Mimi nilikuwepo kama fundi umeme, cheo nilichojipa mwenyewe baada ya kuacha shule kidato cha pili, wazazi wetu walipofuatana kaburini ndani ya mwaka mmoja na ndugu wote, mara tu baada ya arobaini, wakasahau njia ya kuja Buguruni.

Gari lenyewe lilikuwa la Kijerumani, limenizidi umri. Mzee angeweza kununua jipya, lakini magari mapya, alisema, hayana heshima. Heshima ya lile ilikuwa imelala miaka chini ya turubai kwa kukosa injini. Akanunua injini ya Kijapani iliyotumika, pamoja na kompyuta yake, na muuzaji, kwa ukarimu wa wauzaji wote wa injini mtaani kwetu, akazikata nyaya karibu na mzizi kwa sababu shaba nayo ina mnunuzi wake. Nikakabidhiwa visiki viwili vya nyaya, kimoja kwenye injini, kingine kwenye kompyuta, na katikati hewa. Nyaya thelathini na kitu, zenye rangi ambazo mafuta na joto vilishazigeuza zote kuwa kahawia.

Nilikuwa nimefanya kazi nyuma ya stoo ile miaka minne bila mzee kunidai kodi. Hakuwahi kuniomba kitu hadi alipoomba hicho.

"Kijana, Ijumaa liwake," alisema. "Lisipowaka, eneo nampa yule mwenye mashine ya kupimia magari. Nasikia yeye habahatishi."

Mimi sikuwa na mashine. Nilikuwa na taa ya kupimia, daftari, na mdogo wangu anayeuza mitumba Mchikichini. Upande wa kompyuta haukuwa na shida, kila tundu la waya lina namba yake. Upande wa injini niliufuatilia waya mmoja mmoja kabla haijashushwa kwenye gari, maana ikishashuka mkono haufiki nyuma yake. Kila waya niliufunga kitambaa nilichochana kwenye nguo za mdogo wangu zisizouzika, kisha nikaandika daftarini: maua ya zambarau, pampu ya mafuta, mistari ya kijani, sensa ya hewa. Nilijiona mtaalamu.

Asubuhi ya Ijumaa nikatoka kwenda kununua tepu nyeusi. Niliporudi injini ilikuwa inang'aa. Mdogo wangu alikuwa ameifuta yote, akavifungua vitambaa vyote na kuvikunja vizuri kwenye mfuko.

"Mzee anakuja kuangalia gari, kaka. Ulitaka aone matambara?"

Nani alimfundisha kwamba mgeni hapokelewi kwa matambara? Mimi. Nimemlea tangu ana miaka tisa, na nilimlea vizuri kupita kiasi.

"Hapo tumwite mganga tu," akasema makenika, kwa furaha ambayo hakuificha.

"Soma daftari," mdogo wangu akaniambia.

Watu wa mitumba wana ugonjwa mmoja: nguo ikipita mikononi mwao mara moja haiwatoki kichwani.

"Maua ya zambarau," nikasoma.

"Ile blauzi iliyochanika kwapani. Ilikuwa kwenye huu, ulioungua ncha."

"Mistari ya kijani."

"Pajama la mtoto. Huu hapa, mfupi."

Tukaenda hivyo hadi waya wa mwisho, yeye akifunga, mimi nikiunganisha na kuviringisha tepu. Mzee alikuja mchana, akaketi kwenye ndoo yake. Saa tisa nikamkabidhi ufunguo. Injini ikazunguka, ikazunguka, ikakataa kuwaka.

"Upande wangu unazunguka vizuri sana," akasema makenika.

Mzee akatoa simu, akaanza kutafuta namba. Sikuhitaji kuuliza ya nani. Nikamgeukia mdogo wangu.

"Niliacha shule ili wewe usome. Hiki ndicho ulichosoma?"

Miaka yote ile sikuwahi kumtajia shule niliyoiacha. Kumbe nilikuwa nimeitunza kwa ajili ya siku yenye watazamaji.

Aliifuta mikono kwenye khanga, akalichukua daftari, akalisoma ukurasa mzima taratibu, kisha akanionyesha kwa kidole.

"Umeandika bluu mara mbili."

"Sasa bluu si bluu?"

"Moja ya jinzi, nyingine ya shuka la hospitali. Kwako wewe zote bluu. Hukuandika ipi ni ipi, nikakisia."

Moja ilikuwa sensa ya mzunguko wa injini, nyingine ya joto la maji. Kompyuta ilikuwa inasubiri kuambiwa injini inazunguka, na aliyepewa kazi ya kuiambia alikuwa kipimajoto. Nikazibadilisha zile nyaya mbili. Mzee akageuza ufunguo, na gari likawaka.

"Mnaona?" mzee akawaambia wapagazi waliosimama na mkokoteni. "Fundi wangu hana mashine. Ana kichwa."

Akanipa mkono. Eneo likabaki langu. Nafasi ya kueleza kichwa hicho ni cha nani ilikuwepo, ndefu ya kutosha, nami nikaitumia kukusanya bisibisi.

Jioni nilimnunulia mdogo wangu chipsi mayai na mishikaki miwili, yote yake. Akasema, "Ahsante, kaka," kwa sauti ile anayowajibia wateja waliopunguziwa bei mpaka basi.

Gari linatembea. Mzee analitoa Jumapili kwenda kanisani, akirudi ananipigia honi. Mdogo wangu bado ananipikia, ananicheka, ananiuliza kama nimekula. Shule haijatajwa tena. Wiki iliyopita nilifunga kazi mapema nikaenda hadi meza yake Mchikichini, nimeshayapanga maneno ya kumwomba radhi. Alikuwa na wateja. Nikasimama, nikanunua shati nisilolihitaji, hakunipunguzia hata senti, nikarudi nalo Kariakoo pamoja na maneno yangu yote.