Kutoka Mutuini Hadi Loresho Kutafuta Picha Isiyoganda

Niliondoka nyumbani Mutuini Jumanne asubuhi, rauta yangu ya waifai ikiwa ndani ya mfuko wa sokoni, kwa sababu nilikuwa nimechoka kuambiwa kwa simu kwamba mtandao wangu hauna shida.

Mimi ni mkalimani wa lugha ya ishara. Kiziwi akienda hospitali isiyo na mkalimani, daktari hunipigia kwa video. Nasikia anachosema daktari, nakitia mikononi, na mgonjwa anakisoma kwenye skrini. Picha ikiganda, hakuna mazungumzo tena.

Wiki iliyotangulia iliganda nikiwa na Jesika, kiziwi mjamzito wa upande wa Bungoma. Daktari ndiyo kwanza alikuwa anaanza kueleza jinsi mtoto alivyolala tumboni. Nilihamia data ya simu. Video ikala bando langu lote tukiwa bado tunaulizana kama tunaonana. Jioni Jesika aliniandikia: "Mtoto wangu ana nini?" Hata mimi sikuwa nimesikia mwisho wa maneno ya daktari. Jumanne hiyo alikuwa na miadi nyingine, saa tisa mchana.

Langoni nilikutana na jirani yangu, Mama Brayo, akianika nguo.

"Mama Neema, unahama?"

"Sihami. Hii kitu narudishia wenyewe waniambie iko na nini."

"Basi waambie hata yangu ni hivyo. Brayo anafanyia homuweki kwa ukuta wa kanisa, ndiko waifai inashika."

Nilipanda bodaboda hadi Dagoretti, kisha gari la mjini. Tulipita machinjioni, tukapita Kawangware, na njia nzima niliona nyaya nyeusi za mtandao zimefungwa nguzo kwa nguzo, nyingine zinaning'inia karibu kugusa vichwa vya watu. Mabango yaliahidi kasi ambayo sikuwahi kuiona kwangu.

Mjini, ofisi ya kampuni iko kwenye jengo la vioo, na ndani kuna baridi ya mashine. Msichana wa kaunta alinisalimia vizuri, akachomeka rauta yangu kwenye soketi yao. Taa zote zikawaka kijani.

"Rauta iko sawa, madam. Na kwa sistimu yetu laini yako pia iko sawa."

"Basi mbona nyumbani haifanyi?"

"Labda kuta zenu ni nene. Zinazuia waifai."

"Nyumba yangu ni ya mabati," nikamwambia. "Na rauta iko mezani mbele yangu."

Alimwita msimamizi wake, kijana mwenye suti iliyombana. Huyo alinishauri nichukue kifurushi kikubwa zaidi.

"Hicho ninacholipia sijakiona bado," nikasema. "Nikilipa zaidi nitaona nini?"

"Unajua, madam, maeneo ya huko ni magumu."

"Mutuini iko Nairobi. Na siku ya kulipa hamjawahi kuniambia ni pagumu."

Watu waliokuwa kwenye foleni waligeuka. Nilimwomba basi niunganishiwe mtandao wao hapo hapo, nikae pembeni, nimhudumie mgonjwa wangu. Akasema wateja hawaruhusiwi. Nilikaa kwenye kiti chao makusudi, rauta mapajani, mpaka nikaona kwamba nikiendelea kukaa nitamkosa Jesika. Nikatoka na kumpigia Mwalimu Manjula, aliyenifundisha ishara nikiwa msichana. Sasa amestaafu, anaishi Loresho na mumewe.

"Njoo, beti," alisema. Ndivyo anavyoniita kwa Kihindi, binti yake. "Hata usiulize."

Nilishuka Kangemi, nikavuka Waiyaki Way kwa daraja la miguu na kupanda barabara ya Loresho. Huko ni ua wa kijani, mageti marefu na mbwa wanaobweka bila kuonekana. Mwalimu Manjula alinipa maji, akanipeleka chumba cha vitabu. Juu ya rafu kulikuwa na rauta iliyo sawasawa na yangu, yenye nembo ile ile.

"Mwalimu, mnalipia kifurushi gani?"

"Kile cha chini kabisa. Sisi wazee wawili tunataka nini kikubwa?"

Kilikuwa kile kile ninacholipia mimi.

Saa tisa daktari alipiga. Jesika alitokea kwenye skrini waziwazi, hata nikaona kitambaa chake cha kichwa kimelowa jasho jipya. Daktari alieleza kwamba mtoto ni mzima, moyo unapiga vizuri, ila ametanguliza miguu. Huenda akageuka, huenda asigeuke. Chupa ya uzazi ikipasuka, Jesika asingoje uchungu nyumbani, aje mara moja.

Alisoma mikono yangu mpaka mwisho. Kisha akauliza, polepole: "Kwa hiyo hajafa?"

Wiki nzima alikuwa amebeba mtoto ambaye alidhani amekufa. Daktari alimwekea tumboni kifaa cha kusikilizia moyo wa mtoto, nami nikampigia mapigo yake kwa kidole kwenye kiganja changu, mbele ya kamera. Jesika akaanza kulia na kucheka.

Nilipokata simu sikuweza kunywa chai. Nilikuwa na hasira. Mwalimu Manjula alinielezea kwamba hata kwao mtandao uliwahi kuwa mbovu. Walipolalamika, fundi alikuja, akasema nyumba nyingi mno zimeunganishwa kwenye boksi moja la nguzoni, lile linalogawa mtandao, akaongeza la pili. Basi. Hakuna aliyewaambia habari za kuta.

Akanipa ufunguo wa chumba kile, nikitumie mpaka kwangu kutengenezwe.

Nikiwa Kangemi nasubiri gari la kurudi, yule msimamizi alinipigia. Sasa alikiri kwamba boksi letu limejaa, na walikuwa tayari kunihamishia lenye nafasi, mimi peke yangu, bila malipo.

"Na jirani zangu?"

"Tuanze na wewe, madam. Wao hawajalalamika."

"Watalalamika," nikamwambia. "Boksi lako kaa nalo."

Jioni niliwaeleza wapangaji wote hapo uani, karibu na mfereji. Sikuhitaji kuwashawishi. Kesho yake kila nyumba ilichomoa rauta yake, tukaenda mjini pamoja, na tukazipanga zote juu ya ile kaunta ya kioo mpaka msichana hakuonekana.

Msimamizi alitoka mbio. "Kiongozi wenu ni nani?"

"Hakuna," alijibu Mama Brayo. "Wateja ndio hawa."

Mafundi walipanda nguzo yetu wiki hiyo hiyo, wakaongeza boksi la pili. Mtoto wa Jesika hakugeuka. Alitolewa kwa upasuaji, na mikono iliyomweleza mama yake kila hatua ilikuwa ndani ya nyumba ya mabati, Mutuini.

Safari hiyo ilinifundisha kwamba mtandao wetu haukuwa mbovu kwa sababu ya mahali tunapoishi. Ulikuwa mbovu kwa sababu walituzoea tukilalamika mmoja mmoja.

Juzi picha ilianza kukatika tena. Sikupiga simu. Nilitoka nje na rauta yangu, nikamkuta Mama Brayo ameshachomoa yake, anavaa viatu.